Ngwe ya Suhaib

Ukishuka kituo cha Hounslow Central ukamuuliza Mzanzibari yeyote habari za Mzee Abdulsamad, atakuuliza kwanza, "Yupi? Yule wa Mikungani?" Ukiitikia kwamba ndiye, uso utamlainika, na hata kama anakimbilia zamu uwanja wa ndege atasimama akuelekeze: nyumba ya tatu baada ya kinyozi, na ubonyeze kengele mara mbili, maana sikio moja la mzee limelala.

Mzee mwenyewe alistaafu hapo hapo Heathrow, baada ya miaka ishirini na sita kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea. Hakuwahi kuwa mkubwa wa kitu. Heshima yake ilitoka kwenye miaka miwili aliyokaa Mikungani akiwa kijana. Mikungani ilikuwa kambi shambani huko Unguja, ambako mwishoni mwa miaka ya sitini walipelekwa watu waliotiliwa shaka za siasa, wakalimishwa kwa nguvu. Abdulsamad alichukuliwa ana miaka kumi na tisa, kwa sababu mfukoni mwake ilikutwa barua ya mjomba aliyekimbilia ng'ambo. "Barua yenyewe," hupenda kusema, "ilikuwa inauliza kama shangazi ameshajifungua, na yule mbuzi mkorofi yuko wapi. Wakaniuliza siku mbili, huyu mbuzi ni nani katika chama chenu?"

Watu hucheka hapo. Halafu, iwe ni harusi au ni Idi, kahawa ikishapita, vijana humsogelea. "Babu, tupe ile ya ngwe." Naye huwapa, hana choyo.

Ngwe, kwa asiyewahi kulima, ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu akimalize siku hiyo. Mikungani kila mfungwa alipimiwa ngwe yake asubuhi kwa ufito wa mwanzi, na asiyeimaliza alilala na njaa, kesho yake akaongezewa. Sasa palikuwa na kijana akiitwa Suhaib, wa mtaa mmoja na Abdulsamad, ana pumu. Akipiga jembe mara tatu, kifua kinalia filimbi. Akapimiwa ngwe kamili, sawa na wenye vifua vyao. Basi rafiki yake huyo wa mtaani akishamaliza ya kwake, viganja vimechubuka, huingia kwenye ngwe ya Suhaib akailima yote mpaka jua linazama. Siku tatu mfululizo, bila ya neno. Siku ya nne Suhaib hakuamka mkekani. "Lakini alikufa amekula," Mzee Abdulsamad humalizia, "na ngwe yake imelimwa." Hapo kina mama hujifuta macho kwa ncha za mitandio.

Hadithi nzuri. Na kila neno lake ni la kweli, isipokuwa huyo rafiki.

Afadhali tuliseme hapa hapa, tusije tukafika mbali tumembebea uongo wake. Aliyeilima ngwe ya Suhaib alikuwa Rajesh, mtoto wa fundi saa wa Kihindi wa mjini, aliyefungwa kwa kosa ambalo hata askari hawakuwa wakilijua. Abdulsamad alikuwepo, naam. Abdulsamad ndiye aliyekuwa ameshika ufito.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano wa kifungo chake, mkuu wa kambi aliuliza nani ana mwandiko mzuri. Abdulsamad akanyoosha mkono kabla wenzake hawajamaliza kutazamana. Akafanywa nyapara, yaani mfungwa wa kuwasimamia wafungwa wenziwe. Akatolewa kwenye banda la mikeka, akapewa kitanda katika chumba chenye mlango. Kijana wa miaka kumi na tisa, miezi mitano amelala ubavu kwa ubavu na watu sitini, leo ana mlango wa kufunga. Usiku wa kwanza alichukua msumari akachonga jina lake kwenye mwimo wa mlango. Kwa furaha, hakuna zaidi.

Wiki ya pili ndipo alipoletwa Suhaib.

Hapa London Abdulsamad hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Uongo ulimtoka mara moja tu, ukawa mkubwa kuliko yeye. Miaka ishirini na tano nyuma, kwenye harusi moja, mwanamke wa Kizanzibari aliyekuwa hajatimiza miezi miwili Uingereza alimwendea akiwa na sahani mkononi. "Samahani, kaka. Nimeambiwa ulikuwa Mikungani. Mie naitwa Mwanamwema, dada yake Suhaib. Kaka yangu alikufaje?"

Alikuwa na miaka kumi na tatu walipomchukua kaka yake. Hakupewa maiti wala kaburi, na watu wote waliokuwemo kambini walikuwa wameshakufa au wametawanyika. Alimtazama Abdulsamad kama mtu anayetazama mlango wa hospitali. Abdulsamad akafungua kinywa aseme lolote, likatoka hili: "Hakufa peke yake, mdogo wangu. Nilimlimia ngwe yake."

Bi Mwanamwema akaweka sahani chini, akaushika mkono wa kulia wa Abdulsamad kwa mikono yake yote miwili, akaubusu mbele ya watu.

Sasa ungefanya nini? Ungesema, "Ngoja, nimekosea"? Hakusema. Na tangu siku ile, kila Ijumaa, Bi Mwanamwema akitoka kwenye jiko la skuli alikokuwa akipika, humletea kaka yake wa Mikungani pilau. Mkewe Abdulsamad alipokuwa hai alikuwa akitania, "Mume wangu ana dada aliyeletwa na jembe." Mwenye jembe alicheka nao.

Rajesh naye yuko London. Abdulsamad alikutana naye mara moja tu, miaka mingi iliyopita, katika duka la viungo Kingsbury Road, wote wawili wakichagua dengu. Wakasalimiana, wakaulizana watoto, Rajesh akamwelekeza anapoishi. Kisha, akiwa anafunga mfuko wake, Rajesh akasema bila ya ukali wowote, "Nasikia unasimulia vizuri." Akamuaga, akaenda zake. Abdulsamad aliacha dengu pale pale, na hajakanyaga Kingsbury tena.

Kilichomweka na uongo ule miaka yote, kama kuna kilichomweka, ni radhi. Nyinyi mnaijua ada yetu. Mwishoni mwa Shaaban, siku za kuvunja jungu, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, watu hutembeleana wakatakana radhi. "Nisamehe nilichokukosea, ninachokijua na nisichokijua." Mwenzio hukujibu, "Nimekusamehe dunia na akhera, nawe nisamehe." Mnakumbatiana, mnakula, imekwisha. Hakuna anayeuliza ni kosa gani. Ni ada nzuri, na Abdulsamad alijificha ndani yake miaka ishirini na tano. Kila mwaka Bi Mwanamwema alimsamehe dunia na akhera, naye kila mwaka aliondoka akijiambia: ameshasamehe, hata asichokijua kimo.

Mwaka huu vijana wa jumuiya waliozaliwa hapa walipanga safari. Walitaka kwenda Unguja kuitazama Mikungani, waone walikolimishwa babu zao, kisha waandike kitabu kidogo cha kusomwa madrasa za Jumamosi. Wakaenda kumi na mmoja, akiwemo Afnan, mjukuu wa Mzee Abdulsamad, wa miaka ishirini na miwili, anayesoma mambo ya sheria. Walimsihi babu awaongoze. Akasema magoti. Walipompatia kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege akasema presha. Mwisho wakasema basi, tutakupigia video, uongoze ukiwa kwenye ukumbi wa jumuiya, na watu wote waone.

Watu wakajaa Jumamosi ile kama wanamsubiri bwana harusi. Mzee aliwekwa kiti cha mbele, Bi Mwanamwema ubavuni pake, amejitanda kanga mpya juu ya koti. Mahir, katibu wa jumuiya, alikuwa anahangaika na projekta.

"Subirini, inafikiria," akasema Mahir.

"Na sisi tunafikiria," akajibu bibi mmoja wa nyuma, "tena bila ya umeme."

Mara ukutani likatokea tundu la pua.

"London! Mnaniona?"

"Tunaona pua, Afnan! Rudi nyuma, mwanangu, tunaijua ni ya kina nani!"

Watu wakaangua kicheko. Afnan akarudi nyuma, na nyuma yake ikaonekana ardhi nyekundu, minazi, na banda refu lisilo na paa. Wengi walikuwa wamelisikia banda lile maisha yao yote, hawajawahi kuliona. Bi Mwanamwema akaanza kusoma Fatiha kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Babu, hili ndilo banda, right? Ulilala upande gani?"

"Upande wa kulia," akasema Mzee Abdulsamad. "Karibu na dirisha."

Simu ikazunguka. "Babu, hakuna dirisha."

"Miaka hamsini na zaidi, mwanangu. Madirisha nayo hufa."

Kicheko tena. Ulimi wake haukumtupa hata hapo. Afnan akatembea, wenzake nyuma yake, na mzee mmoja wa shamba, mwenyeji wa pale, akiwatangulia na bakora. Wakapita palipokuwa jiko. Wakapita kisima. Mzee Abdulsamad alikuwa akitaja kila kimoja kabla hawajakifikia, na watu wakivuta pumzi kwa namna alivyokumbuka. Kisha mzee wa shamba akageuka kushoto, kwenye kijumba cha mawe kilichojitenga. Mzee Abdulsamad akasema kwa haraka, "Huko hakuna kitu. Rudini kisimani."

Lakini vijana wameshaingia. Simu ikaonyesha sakafu, majani makavu, ukuta. Kisha sauti ya Afnan ikapanda, "Babu! Oh my God. Babu, nime-find jina lako!"

Hilo hapo, ukutani mwa ukumbi wa Hounslow, kubwa kuliko mlango: ABDULSAMAD S. 1968, kwenye mti mweusi wa mwimo wa mlango.

Vigelegele vikaruka. Watu wakasimama, wengine wakimpiga mgongoni mzee wao, wengine wakilia. Katikati ya kelele zile, pale Unguja, mzee wa shamba alikuwa akisema kitu. Sauti yake ilifika vipande vipande: "...cha wanyapara hiki, binti. Wafungwa hawakulala humu. Hawa ndio waliokuwa wakiwapimia." Afnan akamgeukia. Kisha akaigeukia simu. Uso wake ukawa mkubwa ukutani, na haukuwa ukicheka tena.

"Anasema nini huyo mzee?" akauliza Mahir. "Sauti haiji vizuri."

Watu wote wakamtazama Mzee Abdulsamad. Hapo ndipo palipokuwa pahala pake pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, tena wenye jina lake.

"Anasema walituhamishia humo mwishoni," akasema. "Banda lilikuwa likivuja."

"Aaah," ukumbi ukaitika.

Bi Mwanamwema akautwaa mkono wake wa kulia, akaunyanyua juu watu wauone. "Huu!" akasema, machozi yanamtiririka. "Mkono huu ndio uliomlimia kaka yangu, na huu ndio ulioandika pale. Utazameni!" Na watu wakautazama. Mkono wa mzee wa miaka sabini na sita ulioinuliwa mbele ya mamia ya macho, na mwenyewe hana hata nguvu za kuuteremsha.

Siku ya pili Afnan alipiga simu, peke yake, bila ya video. Alizungumza Kiingereza, kama afanyavyo jambo linapokuwa zito, ila neno moja alilisema kwa Kiswahili kila mara. Alisema wamekwenda kijijini, wameongea na wazee. Wamefahamishwa kazi ya nyapara ilikuwa nini. Kitabu chao kinaanza na hadithi ya babu yake, kila mtu anaisubiri hiyo. Akasema ameacha ukurasa mtupu.

"Utakaporudi tutazungumza, mwanangu."

"No, Babu," akasema Afnan. Kisha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, taratibu: "Nyapara alikuwa nani? Niambie wewe. Sitaki niambiwe na watu."

Mzee akasema mtandao mbaya, akakata. Simu ilikuwa safi kama kioo.

Tangu hapo chakula hakikumshuka. Alijaribu kujitetea, maana alikuwa mwepesi wa hoja: nilikuwa mtoto, nami nilikuwa mfungwa, ningekataa ningerudishwa bandani. Yote kweli. Lakini kila akifika hapo ilimjia siku ya pili ya Suhaib, na hoja zikaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. La kuvunda halina ubani.

Siku tatu kabla ya Ramadhani, Bi Mwanamwema akaja kuvunja jungu. Binti wa mzee, anayeishi naye, alikuwa kazini. Alikuja na sahani nne zilizofunikwa, akaanza kupakua huku akimsema. "Kaka, umekonda. Unakula kama njiwa wa Trafalgar, wenyewe siku hizi hawapewi kitu. Keti. Hii samaki wa kupaka, hii mikate ya kumimina, na hii usiulize, kula tu." Alipomaliza akafuta mikono, akakaa mbele yake, akajitengeneza mtandio. Akaanza kama ilivyo ada, maana yeye ndiye mdogo.

"Haya, kaka Samadi. Mwezi unatukaribia. Nisamehe nilichokukosea, ninachokijua na nisichokijua."

"Nimekusamehe," akasema mzee.

Bi Mwanamwema akasubiri zamu yake ya kuombwa. Akacheka kidogo. "Mwaka huu hutaki radhi yangu? Umekuwa malaika?"

"Siwezi kuiomba hivyo," akasema Mzee Abdulsamad. "Kuna ninachokijua."

"Kila mtu ana anachokijua. Sema maneno tule, kinapoa."

"Si mimi niliyelima ngwe ya Suhaib, Mwanamwema. Aliyelima ni Rajesh. Mimi nilikuwa nyapara. Mimi ndiye niliyempimia."

Bi Mwanamwema hakupiga kelele. Aliichukua sahani ya samaki akaifunika tena, polepole, kama kwamba inzi wangeingia. Kisha akaanza kuuliza, na masuali yake yalikuwa mafupi.

"Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Alisemaje?"

"Alisema, Samadi, nikatie kidogo. Kifua hakinipi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asimame nyuma ya mstari kama wenziwe."

"Askari alikuwepo?"

"Siku ya kwanza alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Ya pili?"

"Hakuwepo."

"Ya tatu?"

"Hakuwepo mtu, Mwanamwema. Tulikuwa sisi tu na ufito. Nilimpimia kamili."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo alilojiuliza miaka yote, na jibu lilikuwa dogo, ndiyo maana halikusemeka. "Nilikuwa na chumba chenye mlango," akasema. "Niliogopa kukirudisha."

Bi Mwanamwema alitazama dirishani. Ndege ilikuwa inateremka, chini kabisa kama zinavyoteremka Hounslow, na wote wawili wakangoja ngurumo ipite. Ilipopita akasema, "Ulikuwa na miaka kumi na tisa, nawe umefungwa. Hilo la ufito, nipe muda. Pengine Mungu atanisaidia nilimeze. Lakini miaka ishirini na tano, Abdulsamad! Miaka ishirini na tano nimekupikia wewe pilau ya Rajesh."

"Ndiyo."

"Nikikupa mkono wangu. Nikawaonyesha watu!"

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo kama upo mahakamani." Akasimama, akaanza kukusanya sahani zake zote nne. "Na ile radhi niliyokuwa nikikupa kila mwaka, nilimpa mtu mwingine. Usiitumie. Unanisikia? Usije ukaitegemea radhi ile, si yako."

Akafika mlangoni na furushi lake, akasimama bila ya kugeuka. "Yu hai huyo Rajesh?"

"Alikuwa hai. Yuko Kingsbury. Najua nyumba."

"Jumapili utanipeleka."

Alipoondoka, mzee alimpigia mjukuu wake. Safari hii yeye ndiye aliyekataa kuondoka kwenye simu. "Chukua kalamu," akamwambia. "Andika aliyelima ni Rajesh. Babu yako alishika ufito. Siku zote tatu, na siku mbili hapakuwa na wa kumlazimisha. Usipambe." Akasikia kalamu, au alidhani ameisikia. Mwisho Afnan akasema, "Okay, Babu." Hakumwambia kwamba anampenda, kama amwambiavyo kila wanapoagana, naye hakumngojea aseme.

Jumapili wakapanda treni. Katika behewa kulikuwa na viti tele, na Bi Mwanamwema akachagua kilicho mbali na cha mzee, kati yao kukiwa na kijana aliyelala na begi lake. Green Park wakabadilisha. Mzee alitaka kumshika mkono kwenye ngazi za umeme, kama alivyozoea, akaukumbuka mkono wenyewe, akauweka mfukoni. Njia nzima hawakusemezana, ila mara moja, walipofika Wembley Park, Bi Mwanamwema aliuliza, "Anakula nyama?" Akajibiwa hali. "Vyema," akasema. Alikuwa amebeba mikate ya kumimina tu.

Rajesh alifungua mwenyewe. Mzee mwembamba, sweta la kijivu, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama Abdulsamad, kisha mama aliyesimama pembeni, na kabla hajatambulishwa akashika mlango vizuri.

"Macho hayo," akasema, kwa Kiswahili cha mjini Unguja ambacho hata watoto wa Unguja leo hawakisemi. "Hayo macho ya Suhaib. Karibu, dada. Karibuni."

"Mie Mwanamwema." Akavua viatu. Abdulsamad naye akainama kuvua vyake, na Bi Mwanamwema akamwonyesha kigoda kilichokuwa ukumbini, kando ya rafu ya viatu. "Weye kaa hapo."

Akakaa. Kutoka pale aliona nusu ya sebule: mkono wa kiti, meza ndogo, goti la Rajesh. Sikio lake zima alilielekeza ndani. Yeye aliyezoea kuzungukwa, safari hii alikuwa msikilizaji wa nyuma kabisa, katikati ya ndara za wajukuu wa watu.

Rajesh hakuwa msimuliaji. Aliruka huku, akarudi kule, akasahau siku, akaikumbuka rangi ya jembe. Alisema Suhaib alikuwa akimfundisha maneno ya Kiarabu huku amekaa tutani kapumzika, na yeye akimfundisha kuhesabu kwa Kigujarati, wakafika arubaini tu. Alisema hakufanya vile kwa ushujaa. "Mie nilikuwa nacheza mpira wa magongo, dada, nina mabega. Mtu ana mabega, mwenziwe hana kifua. Utafanyaje?" Hayo yote Abdulsamad hakuwahi kuyajua. Hadithi aliyoisimulia mara mia ilikuwa haina hesabu za Kigujarati.

"Na aliyempimia?" akauliza Bi Mwanamwema. Jibu alikuwa nalo. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida.

Goti la Rajesh likatulia. Kikombe kikawekwa kwenye kisahani. "Ah," akasema, "nyapara mmoja. Walikuwa wengi. Jina limenitoka, dada, uzee huu una mambo yake."

Mzee Abdulsamad akainamisha kichwa hadi karibu ya magoti. Matusi angeyavumilia, alikuwa amekuja amejiandaa kwa matusi. Kisha akainuka, akaegemea ukuta, akaenda mpaka kizingitini, akaishia hapo, kwa kuwa hakuambiwa aingie.

"Halijakutoka, Rajesh. Litaje."

"Kaa, bwana. Chai yako inakuja."

"Litaje. Asikie kwako. Kwangu ameshasikia, na mimi si wa kuaminiwa."

Rajesh akavua miwani. Akamtazama yule mtu kizingitini, soksi moja imetoboka kidoleni, muda mrefu, kama anayepima kitu alichowahi kukipima zamani.

"Abdulsamad," akasema. "Abdulsamad bin Said. Siku zote tatu."

Bi Mwanamwema hakugeuka nyuma. Alifunua sahani ya mikate, akaisukuma mbele ya mwenyeji wake.

"Kula, kaka," akamwambia Rajesh. "Kisha unieleze siku ya pili. Mlianza saa ngapi?"